Kufuatilia magari na vifaa vya hospitali papo kwa papo: teknolojia ipi inafaa ukanda wa Kabezi na Rumonge?

KABEZI, Burundi – Hospitali inayotaka kujua gari lake la wagonjwa liko wapi, mtungi wa oksijeni uko wodi gani, au chanjo zake zimepita kwenye joto gani njiani, leo inaweza kuchagua kati ya teknolojia zisizopungua sita. Bei zake zinatofautiana sana, na iliyo ghali zaidi si lazima iwe ndiyo inayofaa.

Makala haya yameandaliwa kwa wafanyabiashara wanaoagiza na kuuza vifaa hivyo, pamoja na wasafirishaji wanaobeba mizigo ya hospitali kwenye barabara ya RN3, inayotoka Bujumbura kufuata mwambao wa Ziwa Tanganyika kupitia Kabezi, Gitaza, Rumonge na Nyanza-Lac hadi mpaka wa Tanzania.

Kanuni ya kuanzia ni moja: usichague kifaa kabla ya kujua muda unapotea wapi. Kabezi yenyewe inatoa mfano mzuri wa kanuni hiyo.

Dakika 78 za Kabezi

Mwaka 2011, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) lilikuwa likiendesha Kabezi kituo cha dharura za uzazi kilichounganishwa na vituo 9 vya kujifungulia kwa magari ya wagonjwa. Takwimu za mwaka huo zilichambuliwa na kuchapishwa mwaka 2013, na zinafaa kusomwa na kila mtu anayefanya biashara ya usafiri.

Magari yaliitwa mara 1,478 katika mwaka huo, sawa na wastani wa mara 4 kwa siku. Kazi hiyo ilifanywa na magari yanayolingana na gari 1.6, yaani gari moja la muda wote na jingine la sehemu ya muda. Gharama ya mwaka mzima ilikuwa euro 85,586. Hiyo ni euro 61 kwa kila mgonjwa wa uzazi aliyesafirishwa, au euro 0.43 kwa kila mkazi wa wilaya kwa mwaka.

Muda wa katikati, kuanzia kituo kinapoita gari hadi mgonjwa anapofika Kabezi, ulikuwa dakika 78. Nusu ya safari zilichukua kati ya dakika 52 na 130, maana yake robo ya safari zilizidi dakika 130. Pale muda ulipopita saa 3, uwezekano wa mtoto mchanga kufariki katika siku zake za kwanza ulikuwa karibu mara mbili.

Msingi wa mfumo huo ulikuwa gari, dereva, mafuta na njia ya kuitana. Haukuhitaji antena kwenye kila ukuta. Kwa hiyo muuzaji anayekwenda hospitalini leo na mfumo wa kufuatilia mahali anapaswa kujibu swali rahisi: mfumo wake utapunguza dakika zipi kati ya hizo?

Gawanya safari kabla ya kununua

Safari ya namna hiyo ina hatua tano, na kila hatua ina dawa yake:

1. Kutoka wito hadi gari kuondoka. Hapa tatizo huwa ni dereva hayupo, mafuta yamekwisha au simu haikupokelewa. Kifaa cha kufuatilia hakiwezi kumwamsha dereva. Kinaweza tu kuonyesha kwamba gari lilikaa dakika 25 bila kuwashwa.
2. Gari kwenda kituoni. Hapa GPS inasaidia hasa kama kuna magari zaidi ya moja, maana mratibu ataita lililo karibu.
3. Kumpakia mgonjwa. Hii ni kazi ya watu, si ya vifaa.
4. Kurudi hospitalini. GPS humwezesha daktari kujua mgonjwa atafika lini na kuandaa chumba cha upasuaji mapema.
5. Baada ya kufika. Hapa ndipo muuguzi anapoanza kutafuta kitanda cha magurudumu, mtungi wa oksijeni au pampu ya dripu. Dakika hizi hazimo kabisa katika zile 78.

Hatua ya pili na ya nne ziko nje ya jengo. Ya tano iko ndani. Teknolojia inayofanya kazi vizuri nje mara nyingi haifai ndani, na wanunuzi wengi hupotea hapo.

Teknolojia sita na kazi zake

GPS pamoja na laini ya simu. Kifaa hupokea mawimbi ya setilaiti bila malipo, kikakokotoa mahali kilipo, kisha kikatuma taarifa kwa mtandao wa simu. Mahali palipo wazi, usahihi wake ni mita 5 hivi. Chini ya paa la zege au mabati mawimbi hupungua sana au kupotea. Ni chaguo la kwanza kwa magari ya wagonjwa, malori na pikipiki. Kutafuta kifaa wodini si kazi yake.

RFID isiyo na betri. Ni lebo ndogo inayobandikwa kwenye kifaa. Haina betri, hupata nguvu kutoka kwenye mawimbi ya msomaji, yaani mashine inayoisoma. Zile za masafa ya juu husomeka kutoka mita kadhaa, na lebo moja ni ya bei ndogo sana. Hata hivyo, haisemi kifaa kiko wapi sasa hivi. Husema kilipita mlango gani mara ya mwisho, au kipo kwenye stoo wakati wa kuhesabu mali. Kwa mashuka, vifaa vya upasuaji na hesabu ya mali hiyo inatosha. Metali na maji huvuruga usomaji wake, kwa hiyo mitungi ya oksijeni inahitaji lebo maalumu za kubandikwa kwenye chuma.

Bluetooth ya nguvu ndogo. Lebo ina betri ndogo inayoweza kudumu mwaka mmoja au zaidi, na hutoa ishara kila baada ya sekunde chache. Vipokezi vichache vikiwekwa kwenye wodi, mtumiaji anajua kifaa kiko chumba gani au eneo gani, kwa makosa ya mita chache. Kwa hospitali ya wilaya yenye vifaa vichache vinavyohama, mara nyingi hii ndiyo yenye uwiano mzuri wa bei na manufaa. Simu ya kawaida inaweza kutumika kama kipokezi cha majaribio.

Wi-Fi. Hutumia mtandao wa intaneti uliopo tayari jengoni. Faida yake ni kutofunga vipokezi vipya, lakini usahihi wake ni hafifu, mara nyingi mita 5 hadi 15, na lebo zake hula betri haraka. Kama hospitali haina Wi-Fi inayofika kila wodi, faida hiyo haipo.

Infraredi na sauti isiyosikika. Mawimbi haya hayapenyi ukuta. Kwa sababu hiyo husema kwa uhakika kwamba kifaa kiko chumba hiki, si cha jirani. Yanafaa pale ukuta mmoja unapoleta tofauti kubwa, kwa mfano chumba cha wagonjwa waliotengwa. Gharama yake inapanda kwa sababu kila chumba kinahitaji kifaa chake, na infraredi huzuiwa hata na shuka lililoangukia lebo.

UWB, yaani redio ya mawimbi mapana. Hutoa usahihi wa sentimita 10 hadi 30. Ni ya hali ya juu na ya gharama kubwa, na huhitaji vipokezi vingi, nyaya na umeme usiokatika. Muuzaji anayeipendekeza kwa hospitali ya wilaya aulizwe ni uamuzi gani utabadilika kwa kujua kwamba pampu iko kitanda cha nne na si cha tano.

Mambo manne ya kukagua kwanza

Mtandao wa simu. Barabara ya RN3 inapita kati ya ziwa na vilima vya Mumirwa. Vituo vya afya vingi viko juu vilimani, na mabonde hukata mawimbi ya simu. Nunua kifaa chenye kumbukumbu ya ndani, kinachohifadhi taarifa pale mtandao unapokosekana na kuzituma unaporudi. Kabla ya kulipa, zunguka na simu mbili zenye laini za mitandao tofauti hadi kila kituo na uandike palipo na mtandao na pasipo. Kazi ya siku mbili inaweza kuokoa mkataba wa miaka mitano. Angalia pia kizazi cha mtandao: nchi kadhaa duniani zimekwisha kuzima 2G au 3G, kwa hiyo kifaa kinachotumia 2G peke yake ni hatari kwa mnunuzi.

Umeme. Mfumo wa ndani ya jengo unategemea vipokezi, seva na Wi-Fi, na vyote vinahitaji umeme. Vikizimika, ramani kwenye kompyuta itaendelea kuonyesha mahali pa zamani, na huo ni upotoshaji. Weka sola na betri kwenye bei tangu mwanzo. Dai pia programu ionyeshe saa ya taarifa ya mwisho.

Barabara yenyewe. Machi 2015 maporomoko ya ardhi yalikata RN3 eneo la Gitaza. Kati ya 2020 na 2024 maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda na kufurika maeneo ya mwambao. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za kukarabati kipande cha Rumonge hadi Gitaza, kilometa 45. Ramani ya kifaa inayokadiria muda wa kufika bila kujua kwamba barabara imefungwa itampa daktari matumaini ya uongo. Lazima mratibu aweze kuandika kwa mkono kwamba njia fulani haipitiki.

Usalama wa vifaa tiba. Mwaka 2008 jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha utafiti uliofanyika Uholanzi kuhusu RFID na vifaa vya wagonjwa mahututi. Vifaa 41 vilifanyiwa majaribio 123. Kulitokea hitilafu 34, na 22 kati ya hizo zilihesabiwa kuwa za hatari, kama vile pampu za dawa kusimama na mashine za kupumulia kuzimika. Utafiti huo hauna maana kwamba RFID ipigwe marufuku. Maana yake ni kwamba msomaji wa RFID ajaribiwe karibu na vifaa vya hospitali husika kabla mgonjwa hajaunganishwa navyo. Muuzaji akikataa jaribio hilo, mnunuzi aondoke.

Mzigo unaovuka mpaka

Mizigo mingi ya Burundi hupitia bandari ya Dar es Salaam. Inayoingia kwa upande wa Kigoma hupita Manyovu na Mugina, kisha Mabanda, na kushuka hadi Nyanza-Lac kufuata mwambao. Msafirishaji aliyezoea lakiri za kielektroniki za forodha anaweza kudhani zinamtosha. Hazimtoshi. Lakiri, au sili kama madereva wanavyoiita, kazi yake ni kulinda ushuru: kuonyesha kwamba kontena halikufunguliwa na lori halikuacha njia iliyoruhusiwa. Haimwambii mfamasia wa Rumonge kama dawa zilikaa juani saa 6 foleni ya mpakani.

Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8. Kuganda huharibu baadhi ya chanjo vibaya kuliko joto. Kwa mzigo wa aina hiyo, kifaa kiwe na kipima joto kilicho ndani ya boksi, kando ya dawa, si kwenye ukuta wa lori. Kirekodi joto kila baada ya dakika chache hata kama hakuna mtandao, na kitoe ripoti inayoweza kuchapishwa wakati wa kukabidhi. Mzigo mdogo usio wa haraka unaweza kutumia kirekodi joto cha kawaida kisichotuma taarifa. Ni rahisi zaidi, na ushahidi wake ni uleule.

Laini ya simu ni jambo jingine la kuangalia. Laini ya Tanzania inaweza kunyamaza baada ya mpaka, au ikaendelea kufanya kazi kwa bei itakayokushtua mwisho wa mwezi. Nunua kifaa chenye nafasi ya laini mbili, au pata bei ya matumizi ya nchi zote mbili kwa maandishi.

Kwa anayeagiza vifaa vyenyewe, kumbuka kwamba kila kinachotoa mawimbi ya redio kinahusu mamlaka ya mawasiliano, si forodha peke yake. Masafa ya RFID hayafanani duniani: Ulaya hutumia megahezi 865 hadi 868, Marekani 902 hadi 928. Shehena iliyonunuliwa kwa bei poa lakini ni ya masafa yasiyoruhusiwa inaweza kuishia ghalani mpakani. Uliza kwa ARCT nchini Burundi, au TCRA kama unapitia au kuuza Tanzania, kabla ya kulipa malipo ya awali.

Hesabu ya miaka mitano

Wanunuzi wengi hulinganisha bei ya kifaa. Kinachotakiwa kulinganishwa ni gharama ya miaka mitano. Tuchukue mfano, kwa ajili ya hesabu tu: hospitali ina magari 5, kifaa kimoja ni dola 80, ada ya programu na intaneti ni dola 10 kwa gari kwa mwezi.

- Vifaa: 5 × 80 = dola 400
- Ada: 5 × 10 × miezi 60 = dola 3,000
- Jumla: dola 3,400

Ada ni zaidi ya asilimia 88 ya gharama yote. Mnunuzi akipunguziwa dola 20 kwa kila kifaa ameokoa dola 100. Akipunguziwa dola 2 kwenye ada ya mwezi ameokoa dola 600. Majadiliano ya bei yaelekezwe kwenye ada.

Kwa mfumo wa ndani ya jengo ongeza betri za lebo, vipokezi vya akiba, mafunzo kwa wauguzi wapya, na nauli ya fundi. Fundi anayetoka Nairobi au Dar es Salaam kila kipokezi kinapokufa atamaliza bajeti ndani ya mwaka mmoja. Msambazaji mwenye fundi Bujumbura au Kigoma ana haki ya kutoza bei ya juu kidogo, na mnunuzi ana sababu ya kuilipa.

Kuna pia suala la fedha za kigeni. Ada inayolipwa kwa dola nje ya nchi ni mzigo kwa hospitali inayopata mapato yake kwa faranga. Mfumo ukizimwa kwa kuchelewa malipo ya mwezi mmoja, taarifa za miezi iliyopita zisipotee.

Yaandikwe kwenye mkataba

- Taarifa ni mali ya hospitali, na itapewa nakala yake yote mkataba ukiisha.
- Muda wa kutengeneza kifaa kilichoharibika utajwe kwa siku, pamoja na fidia ukipita.
- Mahali pa kukabidhi patajwe kwa longitudo na latitudo, si kwa jina la mkoa peke yake. Rumonge ilifanywa mkoa mwaka 2015, na mgawanyo mpya ulioanza kutumika mwaka 2025 umebakiza mikoa mitano nchini Burundi. Hati na ramani za zamani bado zina majina ya zamani.
- Nani anaona taarifa, na kwa muda gani. Mahali alipo mgonjwa au dereva ni taarifa binafsi. Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda 2021 na Tanzania 2022. Kampuni inayohudumia zaidi ya nchi moja haiwezi kuzipuuza.
- Jaribio la siku 60 hadi 90 kabla ya kununua kwa wingi.

Nafasi kwa wasafirishaji

Kufuatilia mahali kunafungua pia biashara kwa wenye magari. Nchini Tanzania, mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, hupokea wito wa dharura za uzazi na watoto wachanga kwa namba 115 bila malipo. Gari la wagonjwa lisipopatikana, mratibu huita dereva wa jamii aliyesajiliwa, na malipo yake hufanyika kwa simu. Mmiliki wa teksi hapo amekuwa sehemu ya huduma ya hospitali bila kununua gari la wagonjwa.

Mwenye magari Kabezi au Rumonge anayetaka kuingia kwenye mpango wa namna hiyo siku za usoni anaweza kujiandaa sasa: kifaa cha GPS kinachofanya kazi, kumbukumbu za safari za miezi kadhaa, na rekodi ya muda wa kuitikia wito. Mratibu akimuuliza gari lake hufika kwa dakika ngapi, awe na jibu lenye tarakimu.

Kwa ufupi

Hospitali yenye fedha kidogo katika mwambao huu ianze na GPS kwenye magari na virekodi joto kwenye chanjo. Ikishapima na kuona muda unapotea ndani ya jengo, ijaribu Bluetooth kwenye vifaa 10 au 20 vinavyotafutwa mara kwa mara. RFID iwe ya hesabu ya mali. Infraredi na UWB zisubiri hadi umeme, mtandao na mafundi vipatikane kwa uhakika.

Baada ya miezi mitatu kipimwe kitu kimoja: muda wa katikati kutoka wito hadi kufika, kabla na baada. Kama ulikuwa dakika 78 na umebaki dakika 78, kilichonunuliwa ni ramani, na fedha za awamu inayofuata ziende kwenye mafuta na zamu za madereva.